Kipenga Kilicholia Mapema

Uwanja tuliochezea Rumangabo ulikuwa na mteremko. Nahodha aliyeshinda kura ya sarafu alichagua kushambulia kuelekea chini, upande wa barabara kuu itokayo Goma kwenda Rutshuru, na kila mtu alijua mabao ya siku hiyo yatafungwa huko. Udongo ulikuwa mweusi. Mistari ya pembeni tuliipanga kwa makoro, yale mawe yenye vitundu ambayo volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zimetumwagia tangu enzi, na aliyeangukia koro aliondoka na goti lililochunika. Upande mmoja ilionekana miti ya makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga; upande mwingine ilikuwa kambi ya jeshi. Kwa hiyo watazamaji wa Jumapili walikuwa wanakijiji, walinzi wa hifadhi na wanajeshi, na katika makundi hayo matatu ni sisi wanakijiji peke yetu tuliokuja mikono mitupu.

Mimi nilishika kibendera. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kibendera chenyewe kilikuwa kipande cha gunia la unga kilichofungwa kwenye ufito. Refa wa kati alikuwa mwalimu wetu wa shule ya msingi, mtu mfupi mwenye kipenga chekundu cha plastiki. Gololi ya ndani ya kipenga ilikuwa imepotea, kwa hiyo kililia sauti moja nyembamba isiyotetemeka. Sauti hiyo ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara, na wenye chukudu, vile vigari vya mbao vya mizigo, walisimama kuuliza kumetokea nini.

Jumapili moja mshambuliaji alipokea mpira akiwa ameotea, hatua mbili nyuma ya beki wa mwisho. Nilimwona vizuri. Lakini niliduwaa, nikamtazama mwalimu kwanza nijue kama naye ameona, na nilipoinua kibendera mpira ulikuwa umekwisha kuingia na watu wamekwisha kukumbatiana. Mwalimu aliheshimu kibendera changu akafuta bao. Ninachokumbuka baada ya hapo ni vishina vya mikalitusi vikinipita kushoto na kulia, na vishindo vya miguu nyuma yangu.

Jioni alikuja nyumbani kwa mama. Hakunilaumu kwa kuona vibaya, maana nilikuwa nimeona sawasawa. Alinilaumu kwa kuchelewa. "Goli ikishaingia haiko yako tena," aliniambia, "iko ya batu. Kama uko unakata, kata mbio." Ndilo somo la kwanza la uamuzi nililowahi kupewa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba ndilo somo lote.

Usiku wa Jumapili tarehe 18 Januari 2026, mwalimu huyo, mzee sasa, alikaa kando yangu mjini Goma tukitazama fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Vita ilimtoa Rumangabo kama ilivyotutoa wengi. Kambi ile ya jeshi ilitekwa na waasi wa M23 mwaka 2012, ikarudi mikononi mwa jeshi la serikali Oktoba 2013, ikatekwa tena Oktoba 2022. Januari 2023 kukafanyika sherehe ya kuikabidhi kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kisha Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka. Nayaandika haya kwa haraka kwa sababu msomaji wa huku ameyaishi, na wa mbali ameyasikia mpaka yamemchosha. Inatosha kusema kwamba televisheni yetu usiku ule iliwaka kwa umeme wa kituo cha Matebe, unaotoka huko huko Rutshuru tulikokimbia.

Rabat ilikuwa Moroko dhidi ya Senegal, katika Uwanja wa Prince Moulay Abdellah. Leopards wetu, timu ya taifa ya Kongo, walikuwa wamekwisha kutolewa na Algeria hatua ya kumi na sita bora, bao moja la dakika za mwisho za muda wa nyongeza, na mtaani kwetu watu walilala mapema siku ile. Hata hivyo Kongo ilikuwa imebakiza mtu mmoja kwenye mashindano. Refa wa fainali alikuwa Jean-Jacques Ndala Ngambo, aliyezaliwa mwaka 1987, mwenye beji ya FIFA tangu 2013. Ndivyo kazi hii ilivyo: refa wa kimataifa anaishangilia timu ya taifa lake kama sisi sote, lakini anajua kwamba ikifika fainali, yeye atarudi nyumbani. Mlango wake hufunguka pale wa ndugu zake unapofungwa.

Mwalimu alivaa koti siku ile. Hakuvaa kwa ajili ya Moroko wala Senegal. Alivaa kwa ajili ya refa.

Dakika tisini zikaisha bila bao. Katika dakika za nyongeza Senegal wakapata kona. Abdoulaye Seck akaruka, akapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba wa pembeni, Ismaïla Sarr akaumalizia nyavuni kwa kichwa. Lakini kabla mpira haujavuka mstari kipenga kilikuwa kimekwisha kulia: Ndala alikuwa ameona Seck akimsukuma Achraf Hakimi. Chumba chetu kililipuka. Wengi walitaka Senegal ishinde, wengine walitaka tu bao wakalale. Mwalimu peke yake alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Amekata mbio," alisema. Kwake yeye kijana alikuwa amefanya kazi yake kama inavyotakiwa.

Hapo ndipo sheria ya mpira wa leo ilipogongana na sheria ya Rumangabo. Tangu teknolojia ya video, ile VAR, iingie katika Kombe la Mataifa (ilianza robo fainali za 2019 nchini Misri, kisha ikatumika mashindano mazima kule Kamerun), waamuzi wamefundishwa kuuzuia mkono. Msaidizi akiona mtu ameotea na shambulizi linaelekea golini, anakiacha kibendera chini hadi shambulizi liishe. Refa akiona faulo yenye shaka karibu na lango, anameza pumzi yake. Mpira ukiingia, hapo anapuliza, na wenzake walio mbele ya skrini wanaweza kurudisha picha na kumwambia kama aliona sawa au alidanganywa na pembe aliyosimama. Akipuliza kabla, mchezo umekufa. Kinachoingia nyavuni baada ya kipenga si bao na hakikaguliwi, hata kama dunia nzima imeona kwamba msukumo wenyewe ulikuwa mdogo. Usiku ule msukumo ulikuwa mdogo.

Dakika chache baadaye kona ikawa upande wa pili. Brahim Díaz wa Moroko akaanguka, El Hadji Malick Diouf akiwa amemshika. Safari hii Ndala aliitwa pembeni kutazama picha, akarudi akionyesha penalti. Kocha Pape Thiaw akawaashiria wachezaji wake watoke. Wakatoka.

Nimelifikiria jambo hili kwa wiki kadhaa sasa, na nitalisema kama ninavyoliona. Simsemei Ndala, alichokiona ni chake na alikiona kwa sekunde moja. Nasema juu ya viwanja vinavyowalea waamuzi wetu. Refa wa Afrika anaishi maisha mawili. Wiki hadi wiki anachezesha ligi ambazo nyingi hazina VAR, mara nyingine pasipo uzio, na polisi wanaomlinda wamechoka au ni mashabiki wenyewe. Huko, kukata mbio ndiko kunakomrudisha nyumbani. Ukilizuia shambulizi kabla halijawa bao, unawanyima watu tumaini, na hilo watakusamehe baada ya kutukana kidogo. Ukiwaacha wafunge, waruke, wavue mashati, halafu uwapokonye bao, umewanyang'anya mali yao. Kisha refa huyo huyo anaitwa mara chache kwa mwaka kwenye uwanja wenye kamera kila pembe, na anaambiwa: sasa subiri. Anatakiwa kuisahau ndani ya mwezi mmoja hekima iliyomlinda miaka ishirini. Ulaya refa anayo mashine hiyo kila wikiendi, na kusubiri kumeingia mwilini mwake kama kupumua. Kwetu kusubiri ni somo la semina.

Watu hawajui safari ya kufika kwenye beji ile. Kongo unaanzia kwenye mashindano ya mtaa, unapanda hadi ngazi ya entente, kisha ligi ya mkoa, kisha Linafoot, ligi kuu ya taifa, na kila ngazi kuna mtihani wa sheria, mtihani wa mwili na wakubwa wa kukutazama. Mwisho wake shirikisho la taifa, FECOFA, linapeleka majina FIFA. Refa wa kati lazima awe ametimiza miaka 25, msaidizi 23. Beji yenyewe haitolewi moja kwa moja: imeandikwa mwaka, na mwaka ukiisha imekwisha. Kila Januari unaanza upya, na jina lako likikosekana kwenye orodha hakuna anayekupigia simu kukueleza.

Sisi wa Goma tulikuwa na timu mbili za kutufundisha mpira mkubwa, DC Virunga na Dauphin Noir, na Uwanja wa Unité ulipojaa ungesikia kelele mpaka ziwani. Niliwahi kwenda pale mara nyingi bila kumwangalia mchezaji hata mmoja. Nilimwangalia refa: anavyokimbia kwa mshazari ili mpira uwe kati yake na msaidizi, anavyotembea kinyumenyume asiwape mgongo wachezaji, anavyomtuliza beki mwenye hasira kwa kiganja tu, bila kumgusa. Ni ufundi, kama wa seremala. Kijana wa hapa anayetaka kuufuata leo anakuta uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu mapigano ya Januari 2025, na Kinshasa imekuwa mbali kuliko ilivyokuwa.

Mtihani wa mwili nao niuseme, kwa sababu shabiki aliyekaa na chupa mkononi hupenda kusema kwamba refa amechoka. Refa wa kiume wa kimataifa anakimbia mita 40 mara sita, kila mara kwa sekunde zisizozidi sita, akipumzika dakika moja tu kati ya mbio na mbio. Baada ya hapo anakimbia mita 75 kwa sekunde 15, anatembea mita 25 kwa sekunde 18, anakimbia tena, anatembea tena, mpaka zitimie mara arobaini. Hizo ni kilomita nne. Akichelewa anaonywa, akirudia, mtihani umekwisha kwake, hata kama jana alichezesha nusu fainali. Siku ya mechi yenyewe anakimbia kilomita kumi hadi kumi na tatu, na tofauti na kiungo wa kati, hana wa kumpa pasi akipungukiwa na pumzi.

Tarehe 12 Januari 2022, mjini Limbe, Kamerun, refa Mzambia Janny Sikazwe alimaliza mechi ya Tunisia na Mali kwenye dakika ya 85, akarekebishwa, kisha akaimaliza tena kabla ya dakika ya tisini kutimia. Bara zima lilimcheka. Baadaye ilijulikana kwamba joto lilikuwa limempiga vibaya mpaka akachanganyikiwa. Nilicheka pia siku ile, na bado naona aibu.

Halafu kuna mshahara. Waamuzi wengi wa ukanda wetu hawaishi kwa kipenga. Mkenya Peter Waweru, ambaye amechezesha Kombe la Mataifa, ni mhadhiri wa hisabati mwenye shahada ya uzamivu. Na yupo mwingine ambaye mimi, mtu wa ziwa hili, siwezi kuandika habari ya waamuzi bila kumtaja: Salima Mukansanga. Alizaliwa mwaka 1988 huko Rusizi, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ng'ambo ya mto kutoka Bukavu. Utotoni aliupenda mpira wa kikapu. Akasomea uuguzi na ukunga, na huku akijifunza kupokea watoto alikuwa anajifunza sheria kumi na saba za soka. Alichezesha Kombe la Dunia la Wanawake Ufaransa mwaka 2019 na Olimpiki za Tokyo. Tarehe 18 Januari 2022, miaka minne kamili kabla ya usiku ule wa Rabat, aliingia uwanjani Yaoundé kuchezesha Zimbabwe na Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Zimbabwe walishinda 2-1. Alitoa kadi zake, akamaliza, na kesho yake hapakuwa na kesi yoyote ya kujadili. Novemba mwaka huo alikuwa Qatar, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuteuliwa kuwa waamuzi wa kati katika Kombe la Dunia la wanaume, na alisimama pembeni kama mwamuzi wa akiba Ufaransa ilipocheza na Australia.

Najua ni Mnyarwanda, na najua hilo lina uzito gani kwa msomaji wa Goma katika miaka hii. Sitajifanya sijui. Lakini ni binti wa ziwa letu, maji yale yale yanayopiga ukuta wa bandari yetu, na nilipomwona Yaoundé nilimwita mama mdogo aje aone. Akasimama na mwiko mkononi mpaka kipindi cha kwanza kikaisha.

Sasa lile neno ambalo kila refa wa huku amelisikia akiwa bado anafunga kamba za viatu: amekula makuta, yaani hongo. Halitolewi bure. Juni 2018, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Urusi, filamu ya mwandishi wa Ghana Anas Aremeyaw Anas ilimwonyesha mwamuzi msaidizi kutoka Kenya, aliyekwisha kuteuliwa, akipokea dola 600. Akajiondoa. Nilipoiona picha ile sikukasirika kwanza, nilihesabu. Dola mia sita, na upande wa pili wa mizani miaka yote ya kukimbia mita 75 na kutembea 25, na Urusi yenyewe. Kisha nikakasirika, kwa sababu bahasha ile haikumharibia yeye tu. Ilimharibia kila kijana anayekata faulo kwa nia safi mjini Kiwanja au Sake na kuitwa mwizi kwa deni la mtu mwingine.

Na Senegal wana kumbukumbu yao. Novemba 2016, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, refa wa Ghana Joseph Lamptey aliwapa Afrika Kusini penalti akisema Kalidou Koulibaly ameunawa mpira, ilhali mpira ulikuwa umempiga gotini. Senegal wakafungwa. FIFA ilichunguza, ikamfungia Lamptey maisha, ikaamuru mechi irudiwe, na mwaka mmoja baadaye Senegal wakashinda 2-0 wakafuzu. Timu iliyopitia hilo haiingii uwanjani na imani kamili kwa mtu mwenye kipenga. Thiaw alipowaita wachezaji wake watoke, hasira ya dakika mbili ilikuwa imekaa juu ya hasira ya miaka kumi.

Sisi pia tuna ya kwetu, ya zamani zaidi. Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Zaire ilicheza na Yugoslavia. Dakika ya ishirini na kitu, Mwepu Ilunga alimpiga teke refa, Mkolombia Omar Delgado, kwa nyuma. Delgado akageuka akamtoa Ndaye Mulamba. Mulamba hakufanya kitu. Alikuwa ndiye mfungaji wetu, mabao tisa katika Kombe la Mataifa la mwaka huo huo, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Mwepu aliendelea kucheza, na Zaire ikafungwa tisa bila. Mzee yeyote wa Kongo atakusimulia mabao tisa. Wachache watakusimulia kadi. Mwalimu wetu alisimulia kadi. Kila mwaka, darasani, alituambia kwamba siku ile Delgado alipigwa kwa nyuma, kwa hiyo hakumwona aliyempiga, na refa ambaye hakuona anapaswa kukiri kwamba hakuona. Hilo ndilo somo lake la pili, na sisi watoto hatukulishika kwa sababu tulitaka kusikia habari za mabao.

Nalikumbuka nikirudi Rabat. Senegal wametoka, mashabiki wao upande mmoja wa uwanja wanapambana na walinzi, penalti imesimama. Kanuni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinasema timu inayotoka uwanjani bila ruhusa ya refa inahesabiwa imeshindwa, na jambo hilo lilikwenda kwa wanasheria likawa kesi, huko siendi. Ninachokitazama ni mtu mwenye kipenga amesimama katikati ya nyasi, wachezaji wa upande mmoja hawapo. Angeweza kufunga mechi. Alikuwa na sheria mfukoni. Alisubiri. Zaidi ya dakika kumi alisubiri, na bara zima likimtazama amesimama. Sadio Mané akaingia ndani akawarudisha wenzake. Díaz, mfungaji bora wa mashindano, akaweka mpira, akajaribu kuudokoa taratibu katikati ya goli, na Édouard Mendy akaudaka kama anayepokea mtoto. Mpira ukaenda muda wa nyongeza, Pape Gueye akafunga dakika ya 94, na kipenga cha mwisho kilipolia Senegal walikuwa mbele 1-0.

Kesho yake nilisoma mengi. Wengi walimhukumu Ndala kwa sekunde ile moja ya kona, na kwa sheria ya leo wana hoja: alipaswa kuacha mpira uingie. Sitamtetea kwa uongo. Lakini karibu hakuna aliyeandika juu ya robo saa iliyofuata. Mimi nilikulia mahali ambapo timu ikitoka uwanjani kwa hasira, na wenye bunduki wapo pembeni, mechi haimalizwi na refa. Nimeona mechi ikimalizwa na risasi moja ya juu, watu wakalala chini kwenye makoro, na mwalimu akilala nao, kipenga kikiwa bado mdomoni. Rabat hakukuwa na bunduki ya namna hiyo, lakini kulikuwa na watu makumi ya maelfu waliojaa ghadhabu, na fainali ilichezwa hadi mwisho wake. Mkongomani mmoja alisimama pale mpaka ikachezwa.

Kwa hiyo nilimuuliza mwalimu, siku ya pili, kama bado anasema lile la kukata mbio. Alikaa kimya muda mrefu. Akaniambia kwamba siku ile ya kibendera changu cha gunia, kama angekuwa na mtu wa kurudisha picha, naye angesubiri. Hakuwa naye. Alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa mtoto. Kisha akauliza kama vijana wa huko Rumangabo bado wanacheza kwenye ule mteremko. Nikamwambia wanaotoka huko wanasema mpira upo, hata bila refa. Mtoto mmoja anatia vidole mdomoni anapiga mluzi.

Lakini nimeruka kitu cha usiku wenyewe. Kombe lilipokuwa linanyanyuliwa, karatasi za rangi zikishuka na vijana chumbani wakiimba, nilimwona mwalimu amesogeza kiti mbele mpaka karibu na skrini. Hakuwa anaangalia kombe. Macho yake yalikuwa pembezoni mwa picha, yakitafuta watu wenye jezi isiyofanana na ya timu yoyote. Akanishika mkono.

"Ba arbitri bameshatoka?"

"Bameshatoka, Mwalimu."

"Bote?"

"Bote."

Akaegemea nyuma, akafungua vifungo vya koti.